Akiba Iliyolala Kwenye Kadi za Michezo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kadi za michezo ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji upande mmoja na takwimu zake upande wa pili. Nchini Marekani zimekuwa zikikusanywa tangu makampuni ya sigara yalipoanza kuzitia ndani ya pakiti mwishoni mwa karne ya 19. Wanunuzi wake leo ni watu wazima wenye mishahara, wakiwamo Waswahili wenzetu wanaoishi huko na kufuatilia mpira wa kikapu wa NBA, na akiba inayoingia humo si haba. Kila mtu ana haki ya kustarehe kwa pesa yake, na sina ugomvi na ukusanyaji wenyewe. Ninachokihoji ni hesabu, kwa sababu wakusanyaji wengi hawajui wamefungia kiasi gani, na hata wanaoamini kwamba wanajua mara nyingi hutaja kiasi kisicho chao.

Dhana: "Bei ninayoiona kwenye simu ndiyo akiba niliyo nayo."

Zipo programu za simu zinazokusanya bei za mauzo ya karibuni na kumwonyesha mkusanyaji jumla ya thamani ya kadi zake, jumla inayopanda na kushuka kila siku kana kwamba ni salio la akaunti. Salio hilo halipo popote. Mkusanyaji ana hesabu tatu zilizo mbalimbali: pesa aliyoitoa mfukoni, bei ambayo mtu mwingine aliuzia kadi ya aina hiyo mara ya mwisho, na pesa ambayo yeye mwenyewe angeishika mkononi kama angeuza leo. Ya kwanza ndiyo akiba iliyotoka, ya tatu ndiyo inayoweza kurudi, lakini inayotajwa kwenye mazungumzo ni ile ya pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amenunua kadi kwa dola 700, akalipa dola 60 ipimwe ubora na kupewa daraja, kisha akaiuza kwenye mtandao wa eBay kwa dola 1,000. Kwa kuangalia juu juu amepata faida ya dola 300, na ndivyo atakavyowasimulia wenzake. Lakini ada ya eBay kwa kadi ni takriban asilimia 13, tena hukatwa kwenye jumla yote anayoilipa mnunuzi, pamoja na gharama ya kutuma na kodi ya mauzo, kwa hiyo dola 130 au zaidi zimekwisha kuondoka. Kufunga mzigo, kuutuma na kuukatia bima tuseme ni dola 15. Zinabaki dola 855, na ukiondoa zile 760 alizozitoa, faida ni dola 95. Ikiwa ameikalia kadi hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, sheria ya kodi ya Marekani inaviweka vitu vya kukusanywa katika fungu la peke yake, ambako kodi ya faida inaweza kufika asilimia 28, ilhali kwa hisa za kawaida kiwango cha juu kabisa ni asilimia 20. Zile dola 300 zimekuwa kama 70, na hapo tunazungumzia kadi iliyopanda bei. Kama angeiuza kwa dola 760 zilezile alizozitumia, angetoka na hasara ya zaidi ya dola 100.

Muda nao una gharama yake. Anayepeleka kadi kwenye kampuni ya mnada husubiri ipokewe, ipigwe picha, iingizwe kwenye orodha, mnada ufungwe, mnunuzi alipe, ndipo naye alipwe, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Pesa iliyo benki hutoka siku hiyohiyo mtoto anapougua, na amana ya mtu katika benki ya Marekani yenye bima ya FDIC, shirika la serikali la kulinda amana, hulindwa hadi dola 250,000. Kadi haina mdhamini wa namna hiyo.

Dhana: "Kadi hulipa kuliko hisa, tazama ile ya Mantle."

Mnamo Agosti 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya kadi ya Topps mwaka 1952, iliuzwa na kampuni ya mnada ya Heritage kwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Habari hii ni ya kweli, na faida yake ni ya ajabu, ila inahitaji kusomwa taratibu. Kwanza, nyundo ya kufunga mnada ilipigwa kwenye dola milioni 10.5, zilizobaki ni ada ya asilimia 20 ambayo mnunuzi huilipa kampuni ya mnada. Bei zinazotangazwa magazetini kwa kawaida huwa zimejumlisha ada hiyo, hivyo anayezitumia kukadiria thamani ya kadi zake anajihesabia pesa ambayo muuzaji hakuwahi kuigusa. Pili, hata ukihesabu kwa bei ya nyundo, ni ukuaji wa karibu asilimia 19 kwa mwaka kwa miaka 31, lakini katika kadi bora kuliko karibu nakala nyingine zote zilizopimwa. Hisa za makampuni makubwa ya Marekani, pamoja na gawio, katika muda huo zilikua kwa takriban asilimia 10 kwa mwaka bila mwekezaji kulazimika kubahatisha kampuni moja iliyo bora kuliko zote.

Mwaka huohuo wa 1991, maelfu ya wakusanyaji wengine walikuwa wakinunua maboksi ya kadi mpya na kuyaweka darini ili yaje kuwasomesha watoto wao. Hao hawaandikwi magazetini.

Dhana: "Kadi ikizeeka lazima ipande."

Imani hii ilitokana na kadi za miaka ya 1950, ambazo zilipotea kwa wingi kwa sababu hakuna aliyezithamini. Watoto walizifunga kwenye miali ya baiskeli, kina mama walizitupa, na kampuni yenyewe haikuzionea huruma: kwa simulizi ya Sy Berger, aliyeibuni seti ile ya 1952, Topps ilipakia mabaki yake kwenye tishari mwaka 1960 na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Uchache huo ndio uliokuja kuzaa bei.

Baada ya mahakama kuvunja ukiritimba wa Topps, Fleer na Donruss ziliingia sokoni mwaka 1981, Score ikafuata mwaka 1988 na Upper Deck mwaka 1989. Wakati huo kila mtu alikwisha kusikia kwamba kadi za zamani zina pesa, kwa hiyo makampuni yalichapa bila kikomo na wanunuzi wakazitunza zote katika mifuko ya plastiki. Kilichotunzwa na wote hakiwi adimu. Mgomo wa wachezaji wa besiboli wa mwaka 1994, uliofuta hata fainali za World Series, ulimaliza hamu iliyokuwa imebaki. Maboksi ya miaka ile sasa yanakaribia kutimiza miaka 40, na mengi hayafikishi hata bei yaliyonunuliwa, ukizingatia mfumuko wa bei.

Kwa msomaji wa kwetu, mfano mzuri ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyechaguliwa wa nne, na klabu ya Denver Nuggets, klabu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 1991, na kuingia kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu mwaka 2015. Hakuna anayebishana kuhusu ukubwa wake. Hata hivyo kadi zake nyingi za msimu wa kwanza, 1991–92, hupatikana kwa dola chache tu, kwa sababu alianza kucheza katika miaka ambayo mitambo ya uchapaji haikupumzika.

Dhana: "Nikimjua mchezaji mapema, nimepata."

Mnamo Juni 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa mtu wa kwanza kutoka Tanzania kufika NBA. Nyuma yake alichaguliwa James Harden katika nafasi ya tatu, na Stephen Curry katika nafasi ya saba. Mwenye kadi zenye saini ya Thabeet usiku ule alikuwa na kila sababu ya kujipongeza: kijana wa futi saba na inchi tatu, hodari wa kuzuia katika timu ya chuo kikuu cha Connecticut, aliyechaguliwa mbele ya vijana wote wa mwaka ule isipokuwa Blake Griffin. Thabeet alimaliza maisha yake ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo, na mechi yake ya mwisho katika ligi hiyo aliicheza mwaka 2014. Kadi zake leo hununuliwa na Watanzania kwa mapenzi, jambo ambalo ni sababu njema kabisa ya kununua kadi. Mnamo Julai 2021 kadi moja ya Curry ya msimu huohuo ilithaminiwa kuwa dola milioni 5.9.

Klabu za NBA zina wachunguzi wanaolipwa mishahara kusafiri nchi nzima kuwatazama vijana hawa, na bado klabu kadhaa zilimpita Curry. Anayefunga akiba ya miezi sita kwenye kadi za kijana wa miaka 19 anashindana na watu hao, akiwa na televisheni tu.

Dhana: "Ikishapimwa na kufungwa, pesa yangu iko salama."

Kampuni ya PSA, inayopima kadi na kuzipa daraja, ilianza kazi mwaka 1991. Wapimaji huangalia pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, kisha kadi hufungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ngumu chenye lebo inayotaja mwaka, jina na daraja kuanzia 1 hadi 10. Kidoa cheupe kwenye pembe, kisichozidi ncha ya sindano, chaweza kuishusha kadi kutoka 10 hadi 9, na kwa kadi za kisasa bei ikaanguka kwa nusu au zaidi. Kumbe basi sehemu kubwa ya akiba ya mtu imetegemea jicho la mpimaji mmoja siku moja.

Na jicho hukosea. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ni ile ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya seti iliyotolewa kati ya 1909 na 1911, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa mpira wa magongo wa barafuni. Ilipewa daraja la 8, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada William Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo zake, kosa ambalo kwa kawaida huinyima kadi daraja. Alifungwa miezi 20 kwa udanganyifu katika minada yake. Kwa jina lake Wagner ile bado ina thamani kubwa. Kadi ya kawaida iliyokatwa isingesamehewa hivyo.

Hata daraja likiwa halali, haliizuii bei kuporomoka. Mwaka 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani na serikali ya Marekani ikitoa hundi za kujikimu, pesa nyingi zilikimbilia kwenye kadi. Mwishoni mwa Januari 2021 kadi mbili za Michael Jordan za Fleer ya 1986, zote daraja la 10, ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Nakala za daraja hilo ni zaidi ya 300, na kufikia mwisho wa mwaka 2022 zilikuwa zikiuzwa kwa takriban dola 200,000. Katikati ya joto hilo PSA ilizidiwa na mizigo hadi ikasimamisha huduma zake nyingi mwishoni mwa Machi 2021, na watu wakawa wanatazama bei zikishuka huku kadi zao zikiwa kwenye foleni wasizoweza kuzitoa.

Dhana: "Wanaofunga akiba ni matajiri; mimi hununua vijipakiti tu."

Tajiri anayenunua kadi ya milioni amefunga sehemu ndogo ya mali yake. Mwenye mshahara wa kawaida anayetumia dola 60 kila wiki amefunga dola 3,120 kwa mwaka, na mara nyingi hajawahi kuzijumlisha, kwa kuwa zilitoka vipande vipande. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hapa daftari ndilo linalokosekana. Katika uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 hadi 2024, ni takriban watu wazima 63 katika kila 100 waliosema wangeweza kulipa dharura ya dola 400 kwa pesa taslimu au kwa njia inayolingana nayo. Ndani ya wale 37 waliobaki, boksi moja la kadi ni dharura nzima.

Mtindo unaokula pesa hizi kwa kasi ni ule wa kuchangia boksi mtandaoni. Washiriki hulipia timu, kila mmoja yake, kisha mwenye boksi hufungua pakiti mubashara mbele ya kamera na kadi za kila timu huenda kwa aliyeilipia. Timu isipotoa kadi ya maana, mlipaji hupokea kadi za senti kadhaa, au asipokee kitu. Kuziita pesa hizo akiba ni kujidanganya. Zimetumika, kama zilivyotumika za tiketi ya mpira.

Dhana: "Kadi zangu ni pensheni yangu, na bima ya nyumba inazilinda."

Sheria ya Marekani huhesabu ununuzi wa vitu vya kukusanywa kwa pesa ya akaunti ya uzeeni ya IRA kuwa sawa na kuitoa pesa hiyo, na kuitoza kodi, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa kawaida kama mwenyewe hajafikisha miaka 59 na nusu. Bima ya kawaida ya nyumba nayo huweka kikomo kwa vitu vya aina hii, hivyo mwenye kadi za thamani hulazimika kukata bima ya peke yake. Kampuni ya bima humtaka alete orodha ya kadi, picha zake na risiti za alichokilipa, na kwa wakusanyaji wengi hapo ndipo jumla huandikwa kwa mara ya kwanza.