Uswisi kwenye Eurovision: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mwezi wa tano ukifika na Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, ikaanza kurushwa, maneno yanakuwa mengi, na nchi ambayo naona inasingiziwa kuliko zote ni Uswisi. Nchi ndogo, watu kama milioni tisa, lugha za taifa nne: Kijerumani ndo cha wengi, zaidi ya asilimia 60, halafu Kifaransa kama asilimia 23, Kiitaliano kama asilimia 8, na Kiromanshi ambacho hakifiki hata asilimia moja. Watu wakisikia hivyo kila mtu anajitungia lake, oh lazima kuna zamu, oh lazima wanagombana, oh majirani ndo wanawabeba. Mimi hii nchi naipenda sana kwenye haya mashindano na inaniuma kuona mambo yaleyale ya uongo yanarudiwa kila mwaka, kwa hiyo ngoja tuyapitie.

La kwanza, na ndo linalosemwa zaidi: eti lugha zinapokezana, mwaka huu wimbo wa Kijerumani, mwakani Kifaransa, mwaka unaofuata Kiitaliano, ili kila upande uridhike.

Siyo kweli. Angalia tu matokeo yenyewe. Kijerumani ndo lugha ya Waswisi wengi, lakini wimbo wa mwisho wa Kijerumani kupelekwa na Uswisi ulikuwa mwaka 1998, aliimba Gunvor kule Birmingham, akatoka na sifuri. Tangu hapo hakuna tena. Kifaransa, ambacho ni cha watu chini ya robo ya nchi, kimepelekwa mara nyingi kuliko Kijerumani. Na ushindi wa Uswisi ni mara tatu: 1956 kwa Kifaransa, 1988 kwa Kifaransa, 2024 kwa Kiingereza ambacho hata siyo lugha yao ya taifa. Kijerumani hakijawapa ushindi hata mara moja. Sasa zamu gani hiyo inayomruka mwenye watu wengi kwa zaidi ya miaka ishirini?

Linaloenda pamoja na hilo ni imani kwamba msanii wa upande fulani anaimba lugha ya upande wake tu, Mswisi wa upande wa Kijerumani abaki na Kijerumani chake na mtu wa Ticino na Kiitaliano chake. Hapa ndo mi naona watu wanakosa utamu wenyewe wa Uswisi, maana tangu siku ya kwanza kabisa wamekuwa wakivuka. Lys Assia, aliyeshinda yale mashindano ya kwanza kabisa pale Lugano tarehe 24 Mei 1956, alikuwa mtu wa Aargau, huko ni Kijerumani kitupu, na usiku ule kila nchi ilikuwa na nyimbo mbili, yeye akaimba zote mbili za Uswisi, mmoja Kijerumani na mwingine Kifaransa, na wa Kifaransa, Refrain, ndo ukachukua. Miaka miwili baadaye akarudi na Kijerumani kilichochanganywa na Kiitaliano akawa wa pili. Halafu kuna kundi la Peter, Sue & Marc, hawa watu wa Bern wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa: 1971 waliimba Kifaransa, 1976 Kiingereza, 1979 Kijerumani, 1981 Kiitaliano. Mara nne, lugha nne tofauti, na mara mbili walimaliza nafasi ya nne. Paola naye Kijerumani 1969 na Kifaransa 1980. Sandra Studer, yule mmoja wa watangazaji wa jukwaani mashindano yalipofanyika Basel, Uswisi, mwaka 2025, ni mtu wa Zurich lakini mwaka 1991 aliiwakilisha nchi kwa Kiitaliano akitumia jina la Sandra Simó, akawa wa tano. Kwa hiyo lugha kule ni kitu msanii anachagua kulingana na wimbo, haangaliwi kwanza amezaliwa kijiji gani.

Wapo wanaoamini kwamba tangu zamani kila mtu alikuwa huru kuimba lugha yoyote, na wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba mpaka leo lazima uimbe lugha ya nchi yako. Wote wamekosea kidogo. Mwaka 1965 Sweden ilipeleka wimbo wa Kiingereza, watu wakalalamika, na kuanzia 1966 ikawekwa kanuni kwamba nchi itumie lugha yake ya taifa. Ikalegezwa 1973 hadi 1976 (ndo maana Peter, Sue & Marc waliweza Kiingereza mwaka ule), ikarudishwa 1977, ikaondolewa moja kwa moja 1999. Na ile kanuni, ukiifikiria vizuri, iliibana Sweden au Ureno, lakini Uswisi ilikuwa na lugha nne za kuchagua kihalali kabisa, yaani wakati wengine wamefungwa kwenye lugha moja ambayo pengine majirani hawaielewi, wao walikuwa wanajiuliza tu safari hii twende na ipi. Uhuru wa 1999 ndo ulioleta wimbi la Kiingereza, na ndo uliofungua mlango hata kwa Kiswahili chetu: mwaka 2011 Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, aliiwakilisha Norway kule Düsseldorf na Haba Haba, Kiingereza na Kiswahili pamoja. Hakuvuka nusu fainali na mpaka leo nasikitika, lakini Kiswahili kilisikika pale mara ya kwanza, na chini ya kanuni ya zamani isingewezekana.

Sasa Kiromanshi. Hapa kuna dhana mbili zinazogongana. Moja inasema lugha ndogo namna hii haijawahi kufika pale, nyingine inasema Uswisi wanaipeleka mara kwa mara kuonyesha utamaduni. Imefika mara moja tu katika miaka yote hii. Mwaka 1989, kundi la Furbaz kutoka jimbo la Graubünden, wimbo Viver senza tei, na mwaka huo mashindano yalikuwa nyumbani, Lausanne. Waliimba lugha ya watu makumi elfu tu mbele ya mamilioni, wakamaliza nafasi ya 13. Nafasi ya 13 ukiiona kwenye jedwali haisemi kitu, lakini kwa watu wa mabonde ya Graubünden ambao watoto wao wanahamia mjini na kuanza kuongea Kijerumani, kusikia lugha ya bibi zao ikirushwa kote kule lilikuwa jambo kubwa, na mi kwa kweli naona Uswisi ilipaswa kurudia. Sisemi iwekwe zamu. Nasema miaka zaidi ya 35 ni mingi mno kwa lugha iliyoandikwa kwenye katiba kuwa ya taifa, tena lugha yenye idhaa yake ya redio na televisheni. Shirika la utangazaji la Uswisi, SRG SSR, lina matawi manne ya lugha: SRF ya Kijerumani, RTS ya Kifaransa, RSI ya Kiitaliano na RTR ya Kiromanshi, kwa hiyo watu wa kuusukuma wimbo wa namna hiyo wapo.

Twende kwa Céline Dion, maana huyu analeta ubishi kila mahali. Utasikia aliiwakilisha Canada. Utasikia Ufaransa. Utasikia alikuwa na uraia wa Uswisi. Yote matatu hapana. Alikuwa Mkanada wa Quebec, umri miaka 20, akaimba kwa niaba ya Uswisi Dublin tarehe 30 Aprili 1988, na hakuna kanuni ya Eurovision inayomtaka mwimbaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Uswisi walishafanya hivyo zamani, 1963 walimpeleka Esther Ofarim wa Israel akakosa ushindi kwa pointi mbili tu, na baadaye 2005 wakawapeleka wasichana wa Estonia, Vanilla Ninja. Lakini wanaosema "basi ule ushindi siyo wa Uswisi" wanasahau walioutengeneza wimbo. Muziki wa Ne partez pas sans moi ni wa Atilla Şereftuğ, mtu mwenye asili ya Uturuki aliyekuwa akiishi Uswisi, na maneno ya Kifaransa yaliandikwa na Nella Martinetti wa Ticino, upande wa Kiitaliano. Mwitaliano wa Uswisi anaandika Kifaransa, Mturuki anatunga, Mkanada anaimba! Na ushindi wenyewe ulikuwa wa roho mkononi: kura za nchi ya mwisho, Yugoslavia, zilipoanza kusomwa Uingereza ilikuwa na 136 na Uswisi 131, Yugoslavia wakaipa Uswisi sita na Uingereza hawakuipa kitu. 137 kwa 136.

Dhana nyingine: majirani wanawabeba. Hoja yao ni kwamba Ujerumani, Austria, Ufaransa na Italia wanaelewa lugha za Uswisi, kwa hiyo pointi zipo mfukoni kabla hata ya kuimba. Jamani, jibu lipo Basel 2025. Zoë Më aliimba Voyage kwa Kifaransa, wimbo mtulivu mzuri sana, tena akiwa nyumbani, majaji wakampa pointi 214 ambazo zilimweka wa pili kwa upande wao, halafu zikaja kura za watazamaji: sifuri. Sifuri maana yake hata watazamaji wa Ujerumani, hata wa Ufaransa, hata wa Italia na Austria, hakuna waliomweka kwenye kumi bora yao. Akashuka hadi nafasi ya kumi. Ujirani gani huo? Na hii siyo mara moja, tangu 2016 kura za majaji na za watazamaji zinapotangazwa kila moja peke yake inaonekana wazi kwamba nguvu ya Uswisi ipo kwa majaji. Gjon's Tears mwaka 2021 alikuwa wa kwanza kwa majaji na pointi 267, watazamaji wakampa 165, akaishia wa tatu. Nemo mwaka 2024 kule Malmö alipata 365 za majaji na 226 za watazamaji, jumla 591, na huo ndo ushindi wa wimbo wake, The Code. Ukitaka kuilaumu au kuisifu Uswisi anzia hapo kwa majaji, majirani waache.

Kuna wanaodhani pesa zao zinawapeleka fainali moja kwa moja. Nchi zilizokuwa zikiingia fainali bila nusu fainali kwa sababu ya mchango mkubwa, hadi 2025, ni Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania na Uingereza, Uswisi haimo. Wao wanapita mlango wa kawaida, na wamekwama pale vibaya sana, kuanzia 2015 hadi 2018 walitolewa nusu fainali miaka minne mfululizo. Mwaka 2004 walipata sifuri hukohuko nusu fainali. Na miaka ya 1995, 1999, 2001 na 2003 hawakushiriki kabisa, kwa mfumo wa wakati ule matokeo mabovu yalikunyima nafasi mwaka unaofuata. Ufufuko ulianza 2019 na Luca Hänni, nafasi ya nne, mwaka ambao waliachana na shoo ya kura ya nyumbani wakaanza kuchagua wimbo kimyakimya kwa kutumia jopo la watazamaji na majaji wa kimataifa. Mi naamini huo uamuzi ndo uliowaokoa, maana wimbo ulianza kuchujwa na watu wa nje pia.

Na hii ya Umoja wa Ulaya. Uswisi siyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kuna wanaouliza sasa inashiriki kwa tiketi gani. Eurovision haiendeshwi na Umoja wa Ulaya. Inaendeshwa na EBU, umoja wa mashirika ya utangazaji, wenye makao yake Geneva, na wazo lenyewe la miaka ya 50 lilisukumwa na Mswisi, Marcel Bezençon. Kinachohitajika ni shirika la utangazaji kuwa mwanachama, ndo maana hata Morocco ilishiriki mwaka 1980.

Mwisho kuna hili la gharama, kwamba serikali ya Uswisi iliamua tu kumwaga pesa na wananchi wakalazimishwa kushangilia. Baada ya ushindi wa Nemo, Basel ilitenga franki milioni 37.5 hivi kwa ajili ya mwaka 2025, chama kidogo cha Kikristo, EDU, kikapinga na kukusanya saini, na suala likapelekwa kwa wapiga kura tarehe 24 Novemba 2024. Karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Yaani shindano la nyimbo lilipigiwa kura na wenyeji kabla ya kufanyika, hilo kwangu ni jambo la kuheshimiwa hata kama muziki wenyewe huupendi.

Nimalizie na la kwetu kabisa. Wengi huku wanaamini mtu aliye Mombasa au Mwanza anaweza kuangalia tu na kura hana. Kuanzia 2023 ukaongezwa mlango wa kura kwa walio nje ya nchi shiriki, unapiga kupitia intaneti na unalipia kwa kadi ya benki, na kura zote za huku nje zikijumlishwa zinahesabiwa kama za nchi moja.