Kujipanga mashinani ili muswada wa matumizi upite: maana yake

Kujipanga mashinani ni pale watu wa kawaida, wasio na cheo wala fedha za kuajiri washawishi wa bungeni, wanapoungana mitaani, kazini, makanisani, misikitini na vyuoni mpaka wakawa na nguvu ya kumfanya mbunge atende jambo ambalo kwa hiari yake asingelitenda. Ukiwa ni muswada wa matumizi, jambo lenyewe ni kura ya ndiyo: fedha za umma ziende kwenye matunzo ya wazee, malezi ya watoto, dawa, makazi au nishati safi. Wengi wakisikia hivyo hufikiria maandamano. Maandamano yamo, lakini ni sehemu inayoonekana tu. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika sebuleni kwa watu, kwenye vikao vya jioni na kwenye simu, miezi mingi kabla ya siku ya kura.

Kazi hii ina ugumu ambao wanaharakati wa kuzuia miswada hawaujui. Anayetaka kuzuia anahitaji kukata kiungo kimoja tu cha mnyororo. Kenya, Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipita bungeni tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakapigwa risasi barabarani siku hiyohiyo, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wabunge walikuwa wameshinda, lakini kiungo cha mwisho kilikatika. Marekani nako, Julai 2017, jaribio la kufuta sheria ya bima ya afya ya Obama lilianguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51, baada ya watu wenye ulemavu kulala kwenye korido nje ya ofisi ya kiongozi wa Seneti hadi polisi wakawabeba. Anayetaka kupitisha hana bahati hiyo. Kamati zote zikubali, baraza la kwanza likubali, la pili likubali, rais atie sahihi. Mlango mmoja ukifungwa, kazi ya mwaka mzima imekwama.

Mfano unaoonyesha haya yote kwa pamoja ni muswada wa Build Back Better wa Marekani, yaani muswada wa Rais Joe Biden wa matumizi ya kijamii na tabianchi, uliopiganiwa mwaka 2021. Nauchagua kwa sababu ulipotea na haukupotea, na katika hali hiyo mtu anaona vizuri nguvu ya mashinani inafika wapi na inaishia wapi.

Kwanza, muswada huo usingekuwepo kabisa bila mashinani. Tarehe 5 Januari 2021 jimbo la Georgia lilirudia uchaguzi wa viti viwili vya Seneti. Raphael Warnock na Jon Ossoff wa chama cha Democratic, chama cha Biden, wakashinda vyote viwili, na Seneti ikagawanyika 50 kwa 50, kura ya Makamu wa Rais Kamala Harris ikawa ndiyo ya kuamua. Ushindi ule ulitokana na miaka ya kuandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, hasa weusi, vijana na wahamiaji. Mwanasiasa wa huko Stacey Abrams na vikundi kama New Georgia Project walikuwa wakiifanya kazi hiyo tangu wakati ambapo wakubwa wa chama waliiona Georgia kama jimbo lisilowezekana. Ndiyo maana husemwa kupigania muswada huanza kabla muswada haujaandikwa: huanza na nani ameketi kwenye kiti.

Pili, kanuni. Seneti ya Marekani kwa kawaida huhitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala wa muswada ufungwe. Kuna njia moja kuu ya kukwepa kigingi hicho, inayoitwa upatanisho wa bajeti, iliyotokana na sheria ya mwaka 1974. Kwa njia hiyo wingi wa kawaida unatosha, mradi muswada uhusu mapato na matumizi ya serikali. Ukitaka kuingiza jambo ambalo si la fedha hasa, mshauri wa kanuni za Seneti hulitoa. Februari 2021 alikataa kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kisiingizwe, na Septemba mwaka huohuo akakataa pendekezo la kuwapa wahamiaji njia ya kupata ukaazi. Watu waliokuwa wameandamana kwa miaka kudai mambo hayo waliyaona yakifutwa na uamuzi wa kikanuni. Kwa hiyo mwanaharakati asiyezijua kanuni za bunge anaweza kutumia jasho lake lote kugonga mlango ambao hauna ufunguo.

Agosti 2021 Seneti ilipitisha mwongozo wa bajeti wa dola trilioni 3.5 kwa miaka 10, uliokuwa msingi wa Build Back Better, kura 50 dhidi ya 49. Ndani yake kulikuwa na mengi: shule ya awali kwa watoto wa miaka mitatu na minne, likizo ya malipo kwa mzazi au mgonjwa, kushusha bei ya dawa, fedha za tabianchi, na matunzo ya wazee na walemavu majumbani mwao. Kwa hili la mwisho Rais Joe Biden alikuwa ameomba dola bilioni 400. Wasomaji wenye ndugu Marekani wanaifahamu kazi hiyo: kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza usiku, kwa ujira mdogo. Sehemu kubwa ya wanaoifanya ni wanawake weusi na wahamiaji, na Waafrika Mashariki wengi wamo. Chama chao cha wafanyakazi, SEIU, kiliwapeleka wahudumu hao wenyewe mbele ya wabunge waeleze siku yao inavyokwenda. Mbunge anaweza kubishana na takwimu siku nzima. Akiketi na mtu aliyemtunza mama wa mpiga kura wake, mazungumzo hubadilika.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Waratibu huanza kwa kuchora ramani ya nguvu: nani ana kura, nani anayumba, nani anasikilizwa na huyo anayeyumba. Mwaka 2021 ramani hiyo ilikuwa fupi kwa namna ya kutisha. Maseneta 48 wa upande wa Democratic walikuwa tayari, wawili hawakuwa: Joe Manchin wa West Virginia na Kyrsten Sinema wa Arizona. Simu milioni kutoka New York au California hazikuwa na uzito kwao. Ofisi ya seneta ikipokea simu, karani huuliza unaishi wapi, na ukijibu kwamba hutoki jimboni kwake, simu yako haihesabiki sana. Kikundi cha Indivisible, kilichoanzishwa baada ya uchaguzi wa 2016 na watu waliowahi kufanya kazi katika ofisi za wabunge, kimelisisitiza hilo tangu mwanzo: mbane mbunge wako mwenyewe, kwake nyumbani, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kumnyima kura. Hilo pia ndilo linalotenganisha harakati za kweli na zile za kuigiza, ambapo kampuni hulipia simu, barua na matangazo ili maslahi yake yaonekane kuwa kilio cha wananchi. Vyama vya kampuni za dawa na vya wafanyabiashara wakubwa vilitumia fedha nyingi kwa matangazo dhidi ya muswada huu.

Mkono wa pili ulikuwa ndani ya bunge. Muswada wa miundombinu wa pande zote mbili, ambao Manchin na Sinema waliutaka sana, ulikuwa umepita Seneti tarehe 10 Agosti kwa kura 69 dhidi ya 30. Kundi la wabunge wapenda maendeleo katika Baraza la Wawakilishi, likiongozwa na Pramila Jayapal na lenye wabunge zaidi ya 90, likasema halitaupigia kura mpaka muswada wa kijamii, yaani Build Back Better, nao uende pamoja nao. Mwishoni mwa Septemba Spika Nancy Pelosi alilazimika kuahirisha kura. Wabunge hao waliweza kusimama kwa sababu nje kulikuwa na watu waliowaambia: simameni, tutawalinda. Bila sauti ile ya nje, wabunge wa aina hiyo kwa kawaida hukubali kulegeza baada ya simu moja kutoka Ikulu.

Wakati huohuo presha nje ilipanda. Watu wa West Virginia walipiga makasia kwenye kayaki hadi kwenye boti alimokuwa akiishi Manchin akiwa Washington, wakamwita kutoka majini. Mchungaji William Barber alikuwa ameongoza maandamano ya maskini Charleston, makao makuu ya jimbo hilo, tangu Juni. Oktoba vijana watano wa Sunrise Movement, kikundi cha vijana wa harakati za tabianchi, waligoma kula mbele ya Ikulu. Na tarehe 3 Oktoba wanaharakati wa Arizona walimfuata Sinema hadi ndani ya choo cha chuo kikuu alikokuwa akifundisha, wakirekodi. Kilichowauma kinaeleweka. Baadhi yao ni wahamiaji waliogonga milango jua kali ili yeye achaguliwe mwaka 2018, kisha wakawa hawapati hata miadi naye. Hata hivyo naona tukio lile liliwadhuru. Kwa siku kadhaa vyombo vya habari vilijadili choo, na masuala waliyokwenda kuyasema yakasahaulika.

Novemba 5 ukuta wa Jayapal ulibomoka. Muswada wa miundombinu uliletwa peke yake na kupita kwa kura 228 dhidi ya 206, kwa ahadi kwamba ule mwingine ungefuata. Wademocrat sita walikataa, akiwemo Ilhan Omar wa Minnesota, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa. Hoja ya hao sita ilikuwa moja: tukiachia hiki, hatuna tena cha kumshikia Manchin. Tarehe 19 Novemba Baraza la Wawakilishi likapitisha Build Back Better, ukiwa umepunguzwa, kwa kura 220 dhidi ya 213. Matunzo ya nyumbani yalibaki na takriban bilioni 150. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Desemba, Manchin alisema kwenye televisheni ya Fox kwamba hawezi kuupigia kura. Wale sita walikuwa wameona sawasawa.

Kwa nini Manchin hakutikisika? Jibu ni West Virginia yenyewe. Mwaka 2020 jimbo hilo lilimpa Donald Trump takriban asilimia 69 ya kura. Tishio la kawaida la mashinani, kwamba tutakuondoa uchaguzi ujao, halikuwa na makali kwa mtu ambaye hatari yake ilitoka upande wa pili. Aliyekuwa na uzito kwake ni chama cha wachimba makaa ya mawe, UMWA, rafiki yake wa siku zote. Tarehe 20 Desemba chama hicho kilimwomba hadharani afikirie upya, kwa sababu ndani ya muswada kulikuwa na fedha za mfuko wa wachimbaji wenye ugonjwa wa mapafu meusi. Hakugeuka siku ile. Lakini angalia kilichofuata: Julai 2022 alikubaliana na Chuck Schumer, kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, juu ya muswada mdogo, na kodi ya makaa inayoulisha mfuko ule ikafanywa ya kudumu humo ndani.

Muswada huo mdogo ulipita Seneti tarehe 7 Agosti 2022 kwa kura 51 dhidi ya 50, na Biden akautia sahihi tarehe 16. Ulikuwa na takriban dola bilioni 369 za nishati na tabianchi, mamlaka ya bima ya wazee ya Medicare kujadili bei za baadhi ya dawa, insulini isiyozidi dola 35 kwa mwezi kwa wazee hao, na kodi ya chini ya asilimia 15 kwa kampuni kubwa mno. Vijana waliovamia ofisi ya Pelosi kwa amani Novemba 2018 wakidai sheria ya tabianchi walipata kitu kikubwa kuliko Marekani ilivyowahi kukitoa.

Waliokosa ni watoto na wanaowatunza. Shule ya awali, likizo ya malipo na matunzo ya nyumbani vyote vilitupwa. Malipo ya kila mwezi kwa wazazi, yaliyoanza Julai 2021 chini ya sheria ya dharura ya korona, yalikoma Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2021 umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, ulikuwa asilimia 5.2. Mwaka uliofuata ukapanda hadi 12.4. Hizi ndizo takwimu zinazoniuma zaidi katika kisa hiki chote, kwa kuwa zinathibitisha kwamba dawa ilijulikana, ilitumika, ikafanya kazi, kisha ikaondolewa.

Vikundi vingi vilihamishia kazi majimboni. Minnesota ndiko ilikolipa haraka. Novemba 2022 chama cha Democratic cha huko kilipata wingi wa kiti kimoja tu katika Seneti ya jimbo, 34 kwa 33, na muungano wa makanisa, misikiti na vituo vya malezi uitwao ISAIAH, ambao Wasomali na Waafrika wengine wamo, ulikuwa umeshajipanga kwa miaka. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha chakula cha bure shuleni, nafuu ya kodi ya hadi dola 1,750 kwa kila mtoto wa familia yenye kipato kidogo, na likizo ya malipo kwa wazazi na wagonjwa, malipo yake yakipangwa kuanza tarehe 1 Januari 2026.