Phillis Wheatley na karatasi ya wadhamini 18

Nikifundisha fasihi ya Marekani ya karne ya 18, sianzi na shairi. Naanza na karatasi iliyochapwa mwanzoni mwa diwani ya Phillis Wheatley, London, 1773. Humo wanaume 18 wa Boston, gavana Thomas Hutchinson na tajiri John Hancock wakiwemo, wanauhakikishia ulimwengu kwamba mashairi haya ameyatunga binti mweusi, mtumwa, na kwamba ameshapimwa na wajuzi. Jina la mwisho kabisa ni la John Wheatley, "bwana wake". Anayemmiliki ndiye huyo huyo shahidi!

Alishushwa Boston Julai 1761, katoto kalikotolewa Afrika Magharibi. Kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, wakakisia umri wake miaka saba au minane. Meli iliyomleta iliitwa Phillis, hivyo jina la kwanza ni la meli na la pili la wanunuzi wake. Kwa Wheatley alifundishwa kusoma, akaimeza Biblia, akajifunza na Kilatini. Mwaka 1770 akamwombolezea mhubiri George Whitefield kwa shairi, na jina lake likavuka Atlantiki.

Zama hizo mara nyingi wasomaji walijiandikisha kwanza, ndipo mchapaji aguse mtambo. Mwaka 1772 Boston ilitakiwa itoe watu 300. Hawakupatikana. Kitabu kikaenda kuchapwa Uingereza, na mwaka huo huo kilipotoka, mwandishi wake akaachwa huru.

Wapo wanaomlaumu kwa shairi lake linaloita kuletwa kutoka Afrika rehema. Lawama hiyo naielewa, ila naiona ya haraka. Mtumwa huandika huku bwana akisoma begani. Isomeni barua yake ya Februari 1774 kwa mchungaji Samson Occom, Mmohegani, yaani mtu wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani: anasema Mungu amepanda katika kila moyo wa binadamu upendo wa uhuru, kisha anawakejeli, kwa adabu kali, wanaopiga kelele za uhuru huku wakikandamiza wenzao. Magazeti ya New England yaliichapa.

Mwaka 1779, akiwa ameolewa na John Peters, mtu huru, alitangaza kitabu cha pili: mashairi 33 na barua 13. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vinaendelea, pesa hakuna, wanunuzi wakakosekana tena. Alifariki Desemba 5, 1784, akiwa fukara. Muswada ule haujaonekana mpaka leo.