Tovuti ya mbwembwe haipandi juu Google

Wenye nyumba za wageni wengi hapa Bagamoyo wanaamini kwamba tovuti ikijaa video, maandishi yanayocheza na picha zinazopishana, Google itaipenda na kuiweka juu. Sivyo. Google husoma maneno, vichwa vya habari na viungo vya kwenda kurasa nyingine, tena hutazama zaidi ukurasa unavyoonekana kwenye simu.

Chukua ukurasa ambao bei ya chumba, mahali ulipo na namba ya simu vyote vimechorwa ndani ya bango moja la picha. Mgeni anavisoma vizuri, lakini injini ya utafutaji haivihesabu kama maandishi ya ukurasa. Anayetafuta "chumba karibu na magofu ya Kaole" anaweza asikuone kabisa, hata kama magofu yako jirani yako. Inauma, maana fedha ya kutengenezea bango umeshalipa! Yaandike maneno hayo kama maandishi ya kawaida, na kila picha ipe maelezo mafupi.

Halafu kuna uzito. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha ya megabaiti 6 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera haifiki kwa muda huo kwenye mtandao wa kusuasua, na inamla mgeni bando. Ipunguze kwanza.

Ila wepesi peke yake hautoshi. Ukurasa mtupu hauna cha kusomwa. Kinachotangulia ni kumjibu mtafutaji: anafikaje kutoka stendi, maji ya moto yapo, chai ya asubuhi imo kwenye bei?