Umepitiliza muda Marekani na umeoana na raia: hesabu ya siku inavyokwenda

Barua ya kupokelewa kwa fomu I-130 ikifika, wengi huona wameshavuka. Bado. I-130 ni ya mwenye uraia kuonyesha kwamba ndoa ipo na ni ya kweli. Haimpi mwenziwe ruhusa ya kukaa Marekani hata siku moja, wala haisimamishi hesabu ya siku alizopitiliza. Agosti 2025 idara ya uhamiaji, USCIS, iliandika wazi kwenye mwongozo wake kwamba ombi la familia halimkingi mtu na kufukuzwa nchini. Kinachosimamisha hesabu ni I-485, fomu ya kuomba grini kadi ukiwa ndani ya nchi. Kwa mke au mume wa raia fomu hizi mbili zinaruhusiwa kwenda pamoja, na sioni faida ya aliyepitiliza muda kutanguliza ile ya kwanza peke yake.

Kabla ya yote, jua umepitiliza tangu lini. Usiangalie viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Hiyo ni ruhusa ya kufika mlangoni tu. Fungua rekodi yako ya kuingia nchini, I-94, kwenye tovuti ya walinzi wa mipaka, CBP, utazame tarehe ya mwisho ya kukaa. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hukuta herufi D/S badala ya tarehe, yaani anakaa kadiri anavyotimiza masharti ya viza yake. Huyo hata akiacha chuo, siku zake za kukaa kinyume cha sheria kwa kawaida hazianzi kuhesabiwa mpaka USCIS au jaji wa uhamiaji atamke kwamba amevunja masharti. Siku ambazo mtu alikuwa chini ya miaka 18 nazo hazihesabiwi.

Hesabu yenyewe ni hii: ukizidisha siku 180 bila kufikisha mwaka, kisha ukatoka kwa hiari, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka mzima au zaidi ukatoka, ni miaka 10. Tia mstari kwenye neno "ukatoka". Adhabu hailetwi na kukaa. Inaletwa na kuondoka. Ndiyo maana ushauri wa ndugu kwamba "rudi tu nyumbani ukaanze upya ubalozini" umewatenganisha watu na watoto wao kwa muongo mzima.

Mke au mume wa raia ana msamaha mkubwa kisheria: kupitiliza muda na kufanya kazi bila kibali havimzuii kupewa grini kadi akiwa ndani ya nchi, ilimradi aliingia kwa kukaguliwa na ofisa mpakani. Aliyekatiza mpaka wa Mexico bila kukaguliwa kwa kawaida hana njia hiyo. Yeye huanza na I-130, kisha I-601A ya kuomba msamaha wa siku, akionyesha kwamba mwenziwe au mzazi wake aliye raia au mkazi wa kudumu atateseka kupita kiasi, na msamaha ukishatoka ndipo asafiri kwenda kuhojiwa ubalozini. Baharia aliyeingia kwa viza ya wafanyakazi wa meli naye hawezi kuomba grini kadi akiwa ndani, hata akioa raia. Wapo vijana wa pwani yetu walioshuka melini Miami wakabaki, na hawajui hili mpaka wameshalipa ada. Wenye viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, wakague kama masharti yake yanawadai warudi nchini kwao wakae miaka miwili kwanza.

Msamaha huu haumhusu mwenza wa mtu ambaye ana grini kadi na bado si raia. Huyo akipitiliza muda, amefungiwa njia ya ndani mpaka mwenziwe apate uraia. Wala haufuti kosa la kujiita raia. Fomu I-9 unayojaza siku ya kwanza kazini ina visanduku vinne, na cha juu kabisa kinasema wewe ni raia. Aliyekitia alama apate kazi, au aliyejiandikisha kupiga kura alipokuwa akitafuta leseni ya udereva, ana tatizo ambalo kwa anayeomba grini kadi halina fomu ya msamaha. Akaonane na wakili kabla ya kutuma karatasi yoyote.

Kwa viwango vya Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675 (mtandaoni 625), I-485 ni 1,440, kibali cha kazi I-765 ni 260, na kibali cha kusafiri I-131 ni 630. Kila fomu ilipiwe peke yake. Malipo yaliyojumlishwa hurudisha bahasha nzima. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 hundi za karatasi hazipokelewi: unalipa kwa kadi kupitia fomu G-1450 au moja kwa moja kutoka benki kupitia G-1650. Ongeza I-864 ya udhamini, ambapo mwenye uraia anaonyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa kaya yake. Kisipofika, mdhamini wa pili aliye raia au mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Mdhamini aambiwe mapema kwamba talaka haifuti udhamini huo. Ripoti ya daktari, I-693, tangu Desemba 2024 lazima iambatane na I-485, ndani ya bahasha aliyoifunga daktari mwenyewe. Usiifungue. Angalia pia tarehe ya toleo iliyo chini ya kila ukurasa wa fomu: kurasa za matoleo mawili zikichanganyika, zinarudi.

Upande wa ndoa ndipo makaratasi ya kwetu hukwama. Nikahi iliyofungwa msikitini Marekani bila leseni ya kaunti haitambuliki katika majimbo mengi. Ndoa iliyofungwa kwa simu au kwa wakala, bwana akiwa Ohio na bibi harusi Tanga, haihesabiki mpaka wawili hao wakutane kama mume na mke baada ya harusi, kwa hiyo weka tiketi na mihuri ya pasipoti. Aliyeachwa Tanzania Bara alete hukumu ya mahakama, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haivunji ndoa kwa karatasi ya talaka peke yake. Mke wa pili hatambuliki. Hati za Kiswahili zitafsiriwe zote, mihuri pia, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili.

I-485 ikishapokelewa, siku hazihesabiwi tena, lakini hadhi uliyoipoteza, yaani ruhusa halali ya kukaa, haijarudi. Ukitoka nchini bila I-131 iliyoidhinishwa, ombi linahesabiwa limetupwa, na ile miaka 3 au 10 inakusubiri. Bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua 2012 kwamba kusafiri kwa kibali hicho hakuleti adhabu ya miaka 10, ila kibali si ahadi ya kuruhusiwa kuingia. Mimi kwa aliyepitiliza muda husema asisafiri, hata kwa msiba. Burundi iliwekwa kwenye orodha ya vikwazo vya kuingia Juni 2025, Tanzania Desemba 2025, na maombi ya watu wa nchi zilizoorodheshwa yamekuwa yakisimamishwa.

Ucheleweshaji mwingine unaletwa na mwombaji. Ukihama, toa taarifa ya AR-11 ndani ya siku 10, la sivyo wito wa alama za vidole utaenda nyumba ya zamani. Ukiombwa ushahidi zaidi, jibu kwa awamu moja tu na kwa vyote walivyoomba. Ukipeleka nusu, wanaamua kwa hiyo nusu. Tangu Februari 2025 anayekataliwa akiwa hana hadhi anaweza kupelekwa moja kwa moja mbele ya jaji, na Novemba mwaka huo huko San Diego wapo waliokamatwa siku ya mahojiano kwa kupitiliza muda tu. Nenda na wakili.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kuidhinishwa, kadi ni ya miaka 2 tu. I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, ipelekwe na wote wawili ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Ukiachika, unaruhusiwa kuipeleka peke yako wakati wowote ukiomba msamaha wa kusaini pamoja. Barua ya kupokelewa huongeza uhai wa kadi kwa miezi 48, na ndiyo utakayoonyesha kazini na uwanja wa ndege pamoja na kadi iliyokwisha.