Nani yuko hatarini kwa mzio mkali?

Kliniki haipiti bila mtu kuniuliza: "Daktari, safari ijayo nitakufa?" Anayeuliza juzi tu alikula karanga akavimba midomo, au aliumwa na nyuki akaanguka. Huwa namjibu kwamba uwezekano ni mdogo mno. Mzio mkali, yaani anafilaksisi, si jambo la nadra: makadirio huanzia chini ya mtu mmoja hadi watano hivi kati ya 100 watakaoupata walau mara moja maishani. Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu visa vingi huandikwa kuwa ni pumu au kuzirai tu. Vifo lakini ni takriban kimoja kwa watu milioni kwa mwaka, au pungufu.

Watoto huangushwa zaidi na chakula. Watu wazima na dawa, hasa antibiotiki na za maumivu, pamoja na sumu ya nyuki na nyigu.

Kinachonikera ni ile imani kwamba kilichokupata mara ya kwanza ndicho kipimo chako. Aliyetoka vipele tu mwaka jana anaweza kubanwa pumzi mwaka huu. Mimi humtazama kwanza mwenye pumu isiyotulia, kisha kijana anayeona haya kutembea na sindano yake ya adrenalini, dawa kuu ya mzio huu, halafu mzee mwenye maradhi ya moyo. Anayetumia dawa za presha na moyo za jamii ya betabloka humpa daktari kazi zaidi, maana adrenalini huenda isimshike vizuri. Wapo pia wanaokula ngano miaka yote bila tabu, ila wakila kisha wakakimbia, wanaanguka.

Kuna mgonjwa sitamsahau. Alikuwa amelala, presha iko chini, lakini anaongea vizuri tu. Akasema anakwenda chooni. Kabla sijamzuia alishasimama. Hatua mbili, macho yakapinduka. Mishipa ikishalegea, mtu akisimama damu hukimbilia miguuni na moyo hukosa cha kusukuma. Tukamlaza, tukainua miguu, tukamchoma adrenalini ya pili pajani. Baada ya dakika chache akauliza viatu vyake viko wapi.

Nduguze walichelewa kumleta kwa sababu walikuwa wakisubiri vipele. Havikutoka hata kimoja, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mmoja au wawili kati ya wagonjwa kumi.