Kamio tupu angani: kwa nini ndege ya kujitengenezea hurushwarushwa

Aliyepanda kamio tupu kutoka Kasumbalesa kuja Lubumbashi anajua: kila shimo linamtoa kwenye kiti. Kamio hilohilo likienda na shehena ya shaba, mashimo yaleyale hulainika. Ndege nazo ni hivyo hivyo. Cha kuangalia ni uzito unaobebwa na kila mita ya mraba ya bawa. Zenith CH 701, ambayo watu huiunganisha wenyewe gereji, inabeba takriban kilo 44 kwa kila mita. RV-6, nayo ya kujitengenezea, kama kilo 71. Boeing 737-800 iliyojaa, zaidi ya kilo 600. Hewa ni moja, lakini abiria wa Boeing anashika kikombe chake tu, na yule wa Zenith anagonga kichwa.

Tuseme unaruka mita 50 kwa sekunde, ukaingia kwenye hewa inayopanda mita 5 kwa sekunde. Papo hapo pembe ambayo hewa inalipiga bawa huongezeka karibu digrii 6, na kwa ndege nyepesi nguvu ya kuinua inaweza kufika maradufu. Ukitoka upande wa pili, unaangushwa.

Hapa kwetu hewa hiyo huiva Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua na ardhi iko wazi. Tazama saa sita mchana juu ya kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, karibu na mnara wa kiwanda: mwewe anazunguka akipanda, hapigi bawa hata mara moja. Ndiyo maana mwenye ndege ndogo huondoka alfajiri na kutua kabla ya saa nne.

Ukikamatwa na hewa hiyo, usikimbize ndege ili utoke haraka. Hilo ndilo kosa kubwa, maana mwendo huongeza kipigo. Punguza hadi chini ya mwendo wa usalama wa msukosuko. Hapo, upepo ukizidi, bawa huachia hewa, yaani hupoteza nguvu ya kuinua, kabla ya kufikia mzigo wa kulivunja. Ila mwendo huo haukai palepale: uzito ukipungua asilimia 20, nao hushuka kama asilimia 10. Namba ya mwendo huo iliyobandikwa mbele ya rubani kwa kawaida ni ya ndege iliyojaa. Wewe uko peke yako, mafuta yamebaki nusu: mwendo wako uko chini ya namba hiyo. Na aliyebadilisha bawa au kuongeza uzito kuliko mchoro wa awali lazima apige hesabu upya.

Usukani wa ndege hizi ni mwepesi mno. Mgeni hufukuza kila mtikisiko, mkono unachelewa, mrusho unakuwa wake mwenyewe. Shika kwa vidole viwili vitatu, weka mabawa sawa, pua mahali pake, acha ndege ipande na kushuka kidogo.

Wingu la radi ni habari nyingine kabisa. Lipitie mbali, kilomita 37 au zaidi.

Halafu vifaa. Anayejitengenezea ndege huwa na spana kila mahali, na spana iliyorushwa inaweza kukwama kwenye nyaya za usukani. Mimi kabla ya kuwasha injini napapasa chini ya kiti kwa mkono, sitegemei macho. Mara mbili nimeikuta.